Sampu ya tangi la matumbawe ukiwa Kisumu: anza na dakika stima inapokatika

Kabla hujakata paipu hata moja, fikiria dakika ile stima inapokatika. Pampu inanyamaza. Maji yaliyokuwa juu ya ukingo wa kufurikia yanaendelea kushuka, paipu zinajimwaga, na yote yanaishia kwenye sampu iliyo chini ya tangi. Yakipata nafasi huko, hutaona chochote. Yakikosa, yatakuwa sakafuni, chini ya kabati na kwenye nyaya. Na haya si maji ya bomba ambayo utayajaza tena kesho asubuhi. Ni maji uliyoyachuja mtungi kwa mtungi, ukayatia chumvi iliyosafirishwa kwa basi, na bahari iliyo karibu nawe ipo zaidi ya kilomita 800 kwa barabara.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na hesabu. Kwa mtu wa Kisumu, Kakamega au Nakuru, sampu hupangwa kwa ajili ya dakika hiyo, halafu ndipo mambo ya kuchuja yanafuata.

Sampu ni tangi la pili, dogo, linalokaa chini ya tangi la maonyesho. Maji hufurika kutoka juu, hushuka kwa paipu, hupita vyumba kadhaa vya kuchujia, na pampu huyarudisha juu. Ni mzunguko huo tu, usiku na mchana.

Je, ni lazima?

Tangi la matumbawe linaweza kuishi bila sampu, na wapo wanaofanikiwa. Lakini huku kwetu ningeishauri kwa kila mtu, kwa sababu moja ambayo wa Mombasa hana haja ya kuifikiria. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 13 kuliko ufukweni. Nakuru, iliyo kwenye mita 1,850 hivi, upungufu unafika asilimia 20. Oksijeni inayoweza kuyeyuka majini hupungua kwa kadiri hiyo hiyo. Ongeza kwamba maji ya chumvi hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya ziwani, na kwamba maji yakipata joto hubeba kidogo zaidi. Samaki wa mwambani aliyeletwa hapa anapata oksijeni kidogo kuliko aliyoizoea. Maji yanayofurika, yakaporomoka na kuchanganywa na hewa ndani ya skima, kifaa kinachotoa uchafu kwa mapovu, yanarudi juu yakiwa yamevuta pumzi.

Faida nyingine ni wingi wa maji. Ukiongeza lita 60 chini, kosa lolote dogo la chumvi, joto au chakula linasambaa kwenye maji mengi zaidi na kukupa muda wa kulirekebisha.

Hatua ya 1: Hesabu mafuriko mawili

Nitatumia vipimo vya mfano mmoja mpaka mwisho ili uweze kufuata. Tangi la juu ni sentimita 120 kwa 50 kwa 50, kioo cha milimita 12. Ndani linabaki upana wa 117.6 kwa 47.6, na ukiacha sentimita 4 tupu juu, linachukua takriban lita 250. Sampu ni 90 kwa 40 kwa 40, kioo cha milimita 8.

Furiko la kwanza ni la chini, stima ikikatika. Tuseme maji ya tangi la juu yatashuka sentimita 3 kabla ya mzunguko kukoma. 117.6 mara 47.6 mara 3 ni karibu lita 17. Kisanduku cha kufurikia, kile kinachopokea maji yanayovuka ukingo ndani ya tangi la juu, kitamwaga lita 5 hivi, na paipu lita 2. Jumla ni lita 24 zinazoshuka ndani ya dakika moja au mbili. Sampu lazima iwe na nafasi hiyo ikiwa tupu wakati wote, hata siku uliyojaza maji kupita kiasi.

Furiko la pili ni la juu, na wengi hulisahau. Konokono akiingia kwenye paipu ya kushukia, au mwani ukaiziba, pampu haitajua. Itaendelea kupandisha maji hadi chumba chake kikauke. Kwa hiyo maji yaliyomo kwenye chumba cha pampu ndiyo yatakayoongezeka juu. Katika mfano wetu chumba hicho kina takriban lita 12.7 wakati wa kazi. Zigawe kwa eneo la tangi la juu na utaona maji yatapanda sentimita 2.3. Tumeacha sentimita 4, kwa hiyo hakuna tone litakalotoka. Hii ndiyo sababu chumba cha pampu hakipaswi kuwa kikubwa mno, ingawa kikubwa kinavutia kwa kuwa hakikauki haraka.

Andika namba hizi mbili kwa penseli ukutani nyuma ya tangi. Kila utakapobadilisha kitu, zirudie.

Hatua ya 2: Stendi

Maji, kioo, mawe na sampu vikijumlishwa vinazidi kilo 400. Meza ya sebuleni haifai. Mafundi wa jua kali wanaochomelea vitanda na milango, kama wale wa pale Kibuye, Kisumu, wataunda stendi nzuri ya bomba za chuma za pembe nne ukiwapa mchoro wenye vipimo kamili. Wasisitizie mambo mawili: sehemu ya juu iwe sawa kabisa kwa pimamaji, na rangi ya kuzuia kutu ipakwe mara mbili, hasa kwenye maungio, kwa sababu chumvi itayatafuta hayo kwanza.

Acha upande mmoja wazi kiasi cha kuingizia sampu nzima. Pia pima urefu wa skima ukiwa umeongeza nafasi ya kunyanyua kikombe chake cha uchafu. Skima ambayo kikombe chake hakitoki bila kung'olewa yote haitasafishwa, na skima chafu haifanyi kazi.

Hatua ya 3: Kujenga sampu

Mwandikie fundi wa vioo orodha, usimwambie kwa mdomo. Kuta nne za ndani zitatosha, kioo cha milimita 6, kila moja upana wa sentimita 38.0. Upana wa ndani ya sampu ni 38.4, kwa hiyo unabakiwa na milimita 2 kila upande za kuingizia silikoni. Mwombe azipige msasa kingo zote, maana mikono yako itaingia humo kila wiki kwa miaka.

Ukianzia kushoto maji yanapoingilia, vyumba viko hivi: chumba cha soksi ya kuchujia na skima sentimita 32, chumba cha mwani 26, mtego wa mapovu wenye nafasi mbili za sentimita 3, na chumba cha pampu 22.

Ukuta wa kwanza, kati ya skima na mwani, una urefu wa sentimita 23. Skima inataka maji ya kina kisichobadilika, kwa hiyo angalia karatasi ya skima yako kabla ya kukata. Ikiwa inataka sentimita 20, kata ukuta huu 20 na ushushe zinazofuata kwa kadiri hiyo, kisha urudie hesabu ya Hatua ya 1. Ukuta wa pili una sentimita 20. Wa tatu umeinuliwa sentimita 4 kutoka sakafuni na kilele chake kinafika 28, ili maji yapite chini yake. Wa nne una 18. Maji yanapita juu ya wa pili, chini ya wa tatu, juu ya wa nne. Mapovu yanapenda kupanda. Yakilazimishwa kushuka hubaki nyuma, na tangi lako la juu halitajaa vitone vyeupe kama soda.

Kwa vipimo hivyo sampu hubeba takriban lita 65 wakati wa kazi, chumba cha pampu kikiwa na kina cha sentimita 15. Ikijazwa hadi sentimita 3 chini ya ukingo, inaweza kubeba karibu 119. Nafasi tupu ni lita 53 au zaidi kidogo. Linganisha na zile 24 zinazoshuka. Ziada hiyo itakuwa na kazi baadaye.

Nunua silikoni inayonuka siki na isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya bafuni huwa na dawa hiyo, na dawa hiyo huua. Futa kingo kwa spiriti, weka masking tepu pande zote mbili za mstari, paka, lainisha kwa kidole kilicholowa, kisha toa tepu kabla silikoni haijaanza kushika. Ngoja siku 7. Najua siku ya tatu itaonekana imekauka kwa nje. Ngoja.

Hatua ya 4: Kutoboa tangi na kuunga paipu

Matundu hutobolewa kwa keekee ya almasi, taratibu, maji yakitiririka juu yake. Kabla ya hapo hakikisha kioo si kile kilichokazwa kwa moto. Nilipeleka tangi moja kwa fundi wa vioo, mzee mtulivu, akaligonga kwa kucha na kuangalia alama ndogo pembeni, akaniambia, "Omera, hiki ukikitoboa kitakuwa mchanga." Alikataa pesa zangu. Nilirudi nyumbani na tangi zima, na tangu hapo namwuliza yeye kwanza.

Toboa matundu mawili nyuma, ndani ya eneo la kisanduku cha kufurikia, na moja la maji yanayorudi ikiwa hutaki paipu ipite juu ya ukingo. Kila tundu likae mbali na ukingo wa kioo angalau kwa upana wa tundu lenyewe. Kwenye matundu weka tenki konekta za plastiki, zile zile zinazotumika kwenye matangi ya maji ya paa, na raba ikae upande wa maji. Kaza kwa mkono kisha robo mzunguko kwa spana. Ukizidisha, kioo kitapasuka.

Paipu za kushukia ziwe mbili. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu na kila anayeniuliza, kwa sababu wengi huweka moja ili kuokoa pesa kidogo.

Paipu kuu, ya inchi moja, mdomo wake uko chini ndani ya kisanduku, sentimita 20 hivi chini ya ukingo. Hii itajaa maji kabisa bila hewa na kuvuta yenyewe, kama mtu anavyotoa petroli kwenye tangi la gari kwa mpira. Hiyo ndiyo saifoni, na ni kimya. Paipu ya hewa na maji iliyochanganyika ndiyo inayogugumia usiku kucha mpaka mwenye nyumba anauliza kama kuna bomba limepasuka. Paipu ya pili ni ya dharura, ya inchi moja na robo, mdomo wake ukiwa juu, sentimita 5 tu chini ya ukingo. Kwa kawaida inapitisha maji membamba kama uzi, au hakuna kabisa. Kuu ikiziba, maji yatapanda hadi kwenye mdomo wa dharura na kushuka humo.

Kwenye paipu kuu, karibu na sampu, weka geti valvu, ile inayofungwa kwa kuzungusha gurudumu. Koki ya mpini haifai hapa kwa kuwa inaruka kutoka wazi hadi nusu kwa kusukumwa kidogo, na saifoni inahitaji kurekebishwa kwa unywele. Kwenye paipu ya dharura usiweke kizuizi chochote. Hata koki "ya tahadhari" usiweke, kwa sababu siku moja mtoto au fundi ataifunga.

Yunioni moja kwa kila paipu, yaani kiungio kinachofunguka, itakuruhusu kutoa sampu bila kukata kitu. Tumia PVC ya presha na gundi yake. Kuna fundi bomba atakayekushauri PPR kwa sababu haivuji, na ni kweli haivuji, lakini maungio yake ya nyuzi yana shaba nyeupe ndani. Shaba ya aina yoyote ikilowa maji ya chumvi huyeyuka kidogo kidogo, na kiasi kidogo sana kinatosha kuua kamba, konokono na matumbawe. Kwa sababu hiyo hiyo usitumie boya la choo lenye mkono wa shaba.

Hatua ya 5: Pampu ya kurudisha na tundu dogo la kuvunja saifoni

Kwa lita 250, maji yanayozunguka mara 4 hadi 6 kwa saa yanatosha, yaani lita 1,000 hadi 1,500. Mikondo mikali ambayo matumbawe yanaipenda itatoka kwa pampu za mawimbi ndani ya tangi, si kwenye sampu. Usinunue kwa kuangalia namba kubwa iliyo kwenye boksi. Namba hiyo ni ya maji yasiyopandishwa. Pampu inayodai lita 3,000 na uwezo wa kupandisha mita 3 huenda ikabaki na nusu tu ikipandisha mita moja na nusu. Tafuta mchoro wa kupungua kwa nguvu ulioko nyuma ya boksi.

Sasa sikiliza vizuri. Mdomo wa paipu ya kurudisha ukiwa umezama sentimita 15, stima ikikatika paipu hiyo inageuka kuwa saifoni ya kurudi nyuma. Itanyonya tangi lako hadi mdomo uone hewa: sentimita 15, karibu lita 84. Sampu yetu ina nafasi ya 53. Hili lilinipata kwenye tangi langu la kwanza, saa nane usiku, na nilijua pale nilipokanyaga maji ya vuguvugu nikienda kutafuta tochi. Samaki wawili hawakuiona asubuhi. Nilikuwa nimetegemea valvu ya kuzuia kurudi, na kipande cha konokono kilikuwa kimeishikilia wazi.

Dawa yake ni tundu la milimita 5 lililotobolewa kwenye paipu ya kurudisha, sentimita 2 hadi 3 tu chini ya usawa wa maji. Maji yakishuka hapo, hewa inaingia na mvuto unakatika. Toboa matundu mawili, upande huu na ule, kwa sababu mwani na konokono wadogo huziba moja. Yasafishe kwa kijiti kila wiki. Valvu unaweza kuiweka ukitaka, lakini hesabu yako iwe imepigwa kana kwamba haipo.

Hatua ya 6: Stima

Mwite fundi wa stima aweke kifaa kinachokata umeme ukivuja, cha miliampia 30. Chumvi na volti 240 ni kitu cha kuogopwa kweli. Soketi ziwe pembeni, juu zaidi ya sampu, kamwe zisiwe chini ya tangi moja kwa moja. Kila waya ushuke chini ya soketi kisha upande kuingia, ili tone linalofuata waya lidondoke kabla ya kufika kwenye plagi. Pampu ya kurudisha, heta na skima kila kimoja kiwe na swichi yake.

Hatua ya 7: Jaribu kwa maji ya bomba

Jaza mfumo wote maji ya bomba, nje ya nyumba ikiwezekana, au ndani ukiwa na magunia na ndoo tayari. Washa pampu. Geti valvu ikiwa wazi kabisa, saifoni itavuta kwa kelele na kukatika mara kwa mara. Ifunge polepole sana, robo mzunguko, ngoja dakika 3, robo tena, hadi maji ndani ya kisanduku yasimame karibu na mdomo wa dharura na nyumba inyamaze.

Kisha fanya majaribio matatu. Zima pampu na uweke alama kwa kalamu pale maji ya sampu yanapoishia. Hiyo ndiyo dari yako halisi. Washa tena uone kama saifoni inajianzisha bila kuguswa, maana stima ikirudi huenda uko kazini. Halafu ziba paipu kuu kwa kitambaa na uangalie kama ya dharura inabeba maji yote peke yake. Ikishindwa, punguza pampu. Rudia kila jaribio mara tano. Acha mfumo uzunguke saa 48, ukikagua kila ungio kwa karatasi ya chooni, ambayo huonyesha unyevu ambao kidole hakiusikii.

Hatua ya 8: Maji na chumvi

Maji ya bomba ya Kisumu yametiwa klorini, na ya visima vya Nakuru yanajulikana kwa floridi na chumvi nyingi zilizoyeyuka. Kote kuwili suluhisho ni mashine ya RO, inayosukuma maji kupita kwenye utando laini, yenye kichujio cha DI mwishoni cha kuondoa madini yaliyobaki, na kipima TDS, yaani vitu vilivyoyeyuka majini, kinachosoma 0 au 1. Maduka ya kujaza maji ya kunywa yametapakaa mitaani na mengi yanatumia RO, lakini baadhi huongeza madini mwishoni ili maji yawe na ladha. Nenda na kipima chako, omba kikombe, pima pale pale.

Chumvi iwe ile iliyotengenezwa kwa matangi ya matumbawe. Chumvi ya mezani haina kalisi, magnesi wala vingine vinavyohitajika. Mfumo wetu, ukiondoa nafasi ya mawe, una takriban lita 300. Kwa gramu 37 hivi kwa lita, utahitaji kilo 11. Changanya kwenye pipa safi la plastiki ukiwa na pampu ndogo inayovuruga kwa siku nzima, kisha pima kwa rifraktomita, kifaa cha kupima chumvi, iliyosawazishwa kwa maji ya kipimo cha 35. Lengo ni 35 kwa elfu, sawa na uzito linganishi wa 1.026 kwenye nyuzi 25.

Kuhusu mawe na matumbawe: usichukue chochote ufukweni. Watamu, Malindi, Mombasa na Kisite zina hifadhi za bahari, na matumbawe magumu yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo biashara yake kati ya nchi na nchi inahitaji vibali. Tumia mawe makavu au ya kauri, na vipande vya matumbawe vilivyokuzwa kwenye matangi. Mwamba ule umeshaumia vya kutosha. Mwaka wa 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto, sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu ilipauka na kufa.

Hatua ya 9: Kuwasha vichujio

Weka mawe, jaza maji ya chumvi, washa mzunguko. Soksi ya kuchujia inanasa uchafu mkubwa mwanzoni kabisa. Ibadilishe kila siku 3 au 4, kwa sababu uchafu uliokaa ndani yake unaoza na kuwa nitrati. Kuwa na soksi nne, uzioshe kwa maji tu bila sabuni, uzianike juani.

Skima hutengeneza mapovu madogo sana, na mabaki ya chakula na kinyesi hujishika kwenye ngozi ya kila povu kabla hayajaoza. Itachukua siku kadhaa kabla haijatoa kitu, kwa hiyo usiichezee kila saa. Povu likiwa la rangi ya chai ya rangi, iko sawa. Likiwa jeupe na jingi, shusha maji ndani ya skima kidogo.

Kwenye chumba cha mwani weka Chaetomorpha, mwani unaofanana na stilwaya ya kijani. Hula nitrati na fosfati. Mulika taa yake usiku, taa za juu zikiwa zimezimwa, maana mwani ukiwa kazini hunywa kaboni dioksidi na kuzuia pH isishuke sana kabla ya alfajiri. Ukijaa chumba, toa nusu. Uchafu ulioliwa na mwani unatoka nyumbani kwako pale tu unapoutoa mwani wenyewe.

Usitie samaki bado. Bakteria wanaobadili amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, huchukua wiki 4 hadi 6 kukaa kwenye mawe. Wape amonia kidogo na upime. Amonia na nitriti zikisoma 0 siku kadhaa mfululizo, anza na samaki mmoja. Jirani zako watakuuliza kama huyo huliwa. Waonyeshe chumba cha mwani. Wanaofuga ngege kwenye mabwawa huelewa haraka kuliko mtu yeyote.

Joto na maji yanayokauka

Mchana wa Kisumu hupanda hadi nyuzi 29 au 30, na matumbawe yanataka 24 hadi 27. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji ya sampu inashusha nyuzi 2 au zaidi, ila inakausha maji haraka. Kule Nakuru shida ni usiku wa baridi, na heta huwekwa kwenye chumba cha skima ambako maji hayashuki kamwe.

Yanayokauka ni maji peke yake, chumvi inabaki. Kwa hiyo unajazia maji ya RO, si ya chumvi. Upungufu wote unaonekana kwenye chumba cha pampu: lita 4 zikipotea kwa siku, kinashuka karibu sentimita 5. Baada ya siku mbili pampu inaanza kunyonya hewa. Weka valvu ndogo ya plastiki yenye boya, iunge na mtungi wa lita 20 uliowekwa juu kidogo kuliko sampu, maji yashuke yenyewe bila stima. Mtungi usizidi lita 20. Boya likikwama wazi, chumvi itashuka hadi karibu 33, jambo ambalo viumbe watalivumilia. Na lita hizo 20 pamoja na zile 24 za stima kukatika ni 44, bado ndani ya nafasi ya 53. Ndiyo kazi ya ile ziada.

Stima ikikaa saa nyingi

Tangi halifi kwa sababu vichujio vimesimama. Linakufa kwa kukosa oksijeni, na kwa kimo chetu linaanza mapema. Betri ya volti 12 yenye ampia-saa 100, ikitumiwa nusu, inatoa wati-saa 600. Pampu ya wati 40 itakwenda saa 12 na zaidi kidogo ukipunguza kile inverta inachokula. Ukikosa uwezo wa betri, pampu ya hewa ya betri kama zile za kusafirishia vifaranga vya samaki iwe tayari kando ya tangi, na usilishe chochote mpaka stima irudi.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, zima swichi kuu ya tangi mwenyewe, mchana, ukiwa umekaa mbele yake. Angalia maji yanaishia wapi ukilinganisha na alama ya kalamu. Yakipita alama hata sentimita moja, tafuta tundu lililoziba kabla hujawasha.